Baada ya Semina, Nani Atakaa Naye?

Hotuba iliyotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya watafiti chipukizi wa sayansi ya jamii, walimu wao na maofisa wa takwimu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wangu, masheha wetu, wadadisi wa nyanjani, na nyinyi vijana mliojaza viti vya mbele, nashukuru kwa kuniita.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasaidia watafiti wanaoanza, wale wanaotaka kuijua jamii yetu kwa njia ya takwimu. Naomba nianze na binti mmoja aliyepiga hodi nyumbani kwangu Wete wiki tatu zilizopita. Mwenyewe amenipa ruhusa nikisimulie kisa chake.

Ni mwanafunzi wa uzamili. Alikuja na kompyuta ndani ya mkoba wa kitambaa, tukakaa barazani. Alikuwa amewahoji wanawake 160 juu ya umri walioolewa kwa mara ya kwanza. Akanionesha jedwali lake: wastani ni miaka 27. Nikamuuliza, "Mwanangu, katika vijiji ulivyokwenda, unawajua wangapi walioolewa na miaka 27?" Akafikiri kidogo. Akasema anamjua mmoja, shangazi yake. Nikamwambia basi tuache jedwali, tufungue safu yenyewe ya umri, tuipange kutoka mdogo hadi mkubwa, tuteremke nayo taratibu. Tukaanza na 14, 15, 16, tukapita kwenye ishirini na kitu, tukafika chini kabisa. Hapo zikatokea 99, 99, 99, moja chini ya nyingine. Tukazihesabu: kumi na nne.

Hiyo 99 aliiweka mwenyewe kwenye dodoso, iwe alama ya mtu aliyejibu "sikumbuki". Yeye anajua hivyo. Programu haijui. Programu ilizichukua kama miaka, ikazijumlisha na nyengine zote, ikagawa kwa 160. Tulipoziondoa, wastani ukashuka kutoka 27 hadi 20.

Kazi yote hiyo ilituchukua dakika kumi. Yeye alikuwa amehangaika na jedwali lile miezi miwili, anahisi pana kitu hakikai sawa na hajui akitafute wapi. Na binti huyu si mvivu. Amehudhuria semina mbili za uchambuzi wa data, vyeti anavyo. Amefundishwa rigresheni, ile hesabu ya kupima jambo moja linavyokwenda na jengine. Lakini katika muda wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyekaa ubavuni mwake, akatazama data yake yeye, safu kwa safu.

Hilo ndilo nililolibeba kutoka Wete mpaka hapa. Vijana wetu akili wanazo, na kozi siku hizi zipo. Wanachokikosa ni mtu wa kukaa nao semina ikishakwisha.

Tazameni namna tunavyofundishana kazi nyengine hapa kwetu. Kijana anayetaka kuwa fundi wa kuunda jahazi hapelekwi ukumbini siku tatu, akaoneshwa picha za mbao, akapewa cheti na soda. Anakwenda pwani, anashika kamba, anapasha kalafati, anamtazama fundi anavyoukagua ubao kwa jicho moja kabla ya kuupiga msumari. Akikosea, anakosolewa palepale, ubao bado uko mkononi. Wazee walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake yuko ndani ya kiwanda, anavuta mivukuto, na jicho linajifunza wakati mkono unafanya kazi ndogo. Utafiti wa takwimu ni ufundi wa namna hiyo hiyo. Ukiufundisha kwa slaidi peke yake, unatoa watu wanaojua majina ya vitu, na mikono yao haijawahi kuvishika.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu yalinikuta mimi mwenyewe.

Nilipoandika tasnifu yangu ya uzamili nilitumia data ya utafiti mmoja mkubwa wa kaya, wa Tanzania nzima. Nilikuwa na furaha isiyo kifani: maelfu ya kaya, na sikulipa hata nauli. Nikapiga wastani wa nchi nzima, nikachora michoro, nikaandika sura mbili juu ya matokeo. Msimamizi wangu alizisoma, akanisahihisha tahajia na namna ya kupanga marejeo. Siku ya utetezi mtahini kutoka nje akafungua ukurasa, akaweka kidole chake juu ya jedwali la kwanza, akauliza: "Uzito wa sampuli uko wapi?"

Nilisimama kimya. Sikujua hata anauliza nini. Nilizirudia sura zote mbili, miezi mitano, na nauli ya boti ya kwenda na kurudi nikiilipa mwenyewe. Chuo sitakitaja. Msimamizi wangu naye simlaumu, kwa sababu nilikuja kugundua baadae kwamba hata yeye hakuwahi kuoneshwa.

Kwa wale ambao bado hawajaoneshwa, tufanye hesabu ndogo sasa hivi. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima. Zanzibar tulikuwa 1,889,773: Unguja 1,346,332 na Pemba 543,441. Sisi ni kama asilimia 3 ya nchi. Sasa mtu akifanya utafiti wa maoni kwa watu 2,400 na kuwagawa kwa uwiano wa idadi ya watu, Zanzibar nzima inapata watu 73. Pemba inapata 21.

Kwa nchi nzima, sampuli ya kubahatisha ya watu 2,400 inakupa jibu lenye kosa la kama asilimia 2, juu au chini. Kwa watu 73, kosa linapanda hadi asilimia 11. Kwa watu 21 wa Pemba linafika asilimia 21. Kwa hiyo akija mtu kutoka utafiti kama huo akasema nusu ya Wapemba wanataka jambo fulani, ukweli unaweza kuwa popote baina ya asilimia 29 na 71. Hapo hatujaambiwa kitu.

Ndiyo maana tafiti kubwa za taifa, kama ule wa afya na idadi ya watu, huchukua Zanzibar kaya nyingi kuliko fungu letu halali, ili na sisi tuonekane. Hilo ni jema. Lakini ukishafanya hivyo, kila kaya ya Zanzibar ndani ya data inawakilisha watu wachache kuliko kaya ya Tabora au ya Mwanza, na ukipiga wastani wa nchi bila ya kurudisha uzito wa kila kaya, Zanzibar inapiga kelele kuliko ukubwa wake. Hiyo ndiyo dhambi niliyoifanya. Ilihitaji mtu mmoja tu aniambie, "Safu ile ya mwisho usiyoielewa, ndiyo uzito wenyewe. Itumie."

Na uzito ni mlango wa kwanza tu. Leslie Kish, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha Michigan aliyewafundisha watu wa nchi nyingi kazi ya sampuli, alitilia mkazo jambo ambalo kila mdadisi hapa analijua kwa miguu yake: majirani wanafanana. Ukienda eneo moja la kuhesabia ukahoji kaya 20, hupati habari za kaya 20 zilizo mbalimbali. Wote wanakunywa kisima kimoja, wanavua bahari moja, skuli yao ni moja. Tuseme umechukua maeneo 60, kaya 20 kila eneo, jumla 1,200, na kufanana kwa majirani ni kudogo tu, kwa kipimo cha 0.05, ambapo 0 ni hawafanani kuliko watu wengine na 1 ni wote sawa. Sampuli yako inakuwa na nguvu ya kaya kama 615. Karibu nusu imepotea. Kijana anayeliacha hilo anaandika matokeo kwa uhakika asiokuwa nao, na hakuna wa kumshika mkono kwa sababu programu inampa jibu bila ya kulalamika.

Sasa naomba twende nyanjani, kwa sababu makosa makubwa niliyoyaona maishani hayakuanzia kwenye kompyuta.

Nilianza kazi hii nikiwa mdadisi. Wakati huo hapakuwa na vishikwambi kama vya sensa ya 2022. Tulibeba madodoso ya karatasi ndani ya mfuko wa nailoni yasirowe na mvua. Dodoso lilikuwa na swali: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote?" Nikamuuliza bibi mmoja wa kijiji cha pwani. Alikuwa amekaa kwenye jamvi, kamba imelala mapajani mwake, anafunga vishina vya mwani kimoja kimoja, vidole vimepasuka kwa maji ya chumvi. Akanijibu bila ya kunyanyua kichwa: "Mie sina kazi mwanangu, nipo tu."

Kalamu yangu ilikuwa juu ya kisanduku cha "Hapana". Maelekezo niliyopewa yalisema nisimshawishi mhojiwa, niandike anachosema. Niliandika "Hapana", nikaruka maswali kumi na moja ya kazi na kipato kama mshale ulivyoelekeza, nikenda kwenye maswali ya paa na sakafu.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Sasa jiulizeni wangapi miongoni mwao wameandikwa hawana kazi na wadadisi waliofuata maelekezo vizuri kabisa kama nilivyofuata mimi. Kwa yule bibi, kazi ni ya mshahara, ya kuvaa viatu asubuhi na kupanda gari. Pwani ni maisha. Mwaka 2013 watakwimu wa kazi duniani, katika mkutano wao wa 19, waliipanua maana ya kazi ili shughuli za kuzalisha vitu au huduma, hata za matumizi ya nyumbani, zihesabike kuwa kazi. Lakini azimio la huko Geneva halimfikii mdadisi kijijini mpaka mtu amwambie: usimuulize "ulifanya kazi", muulize "ulikwenda pwani? ulikwenda shamba? uliuza chochote? ulisuka?" Taja kimoja kimoja.

Na usimuulize anapata kiasi gani kwa mwezi. Mwanamke wa mwani hahesabu mwezi wa kalenda ya ukutani. Anahesabu bamvua, siku ambazo maji yanatoka mbali na mashamba ya mwani yanafikika. Maji mafu yakirudi, anakaa. Mwani unavunwa, unaanikwa, unakauka, unauzwa kwa kilo mnunuzi akija, na siku hiyo ndipo fedha inapoonekana. Ukimlazimisha jibu la "kwa mwezi" atakupa namba ya kukuridhisha uondoke, na wewe utaipeleka kwenye rigresheni ukaiita kipato. Muulize bamvua ngapi zimepita tangu auze mara ya mwisho, alikausha kilo ngapi, kilo ilikuwa shilingi ngapi. Hesabu ya mwezi ifanye mwenyewe usiku.

Kaya nayo ni hivyo hivyo. Vitabuni imeandikwa kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja, na sisi tunawaambia wadadisi: wanaokula chungu kimoja. Hilo ni zuri mpaka ufike kwa mwanamme mwenye wake wawili wenye vyungu viwili, au ufike kisiwa cha Kojani wakati wavuvi wamekwenda dago, kupiga kambi ya uvuvi mbali, miezi hawapo, na mke anakwambia mkuu wa kaya ni mume wangu. Yupo? Hayupo. Analala wapi usiku wa kuamkia leo? Hajui, pengine Tanga, pengine upande wa Kenya. Ukimhesabu hapa na mwenzako akamhesabu kule, tumepata wavuvi wawili. Mkimwacha nyote wawili, kaya imeandikwa inaongozwa na mwanamke, na kesho mtu ataandika makala nzima juu ya sababu za kaya nyingi za Kojani kuongozwa na wanawake. Mambo haya vijana wa Pemba mnayajua tangu utotoni. Ndiyo elimu ambayo mtaalamu anayeshuka uwanja wa ndege wa hapa hanayo, na mtu wa kuwaambia kwamba ni elimu ya kitaalamu, iandikwe kwenye sura ya mbinu, hamjampata.

Wakati mwengine huwa nasikia inasemwa kwamba namba za kisiwa kidogo hazina uzito duniani. Naomba niwakumbushe jambo lililotokea hapahapa. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi, si mbali na ukumbi huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wa Marekani pamoja na wenzao wa hapa walifanya jaribio la kuwapa watoto wadogo wa Pemba madini ya chuma na foliki. Kila mahali iliaminika kwamba chuma ni kheri tupu kwa mtoto. Watoto 24,076 waligawiwa kwa kubahatisha katika makundi matatu: waliopata chuma na foliki, waliopata chuma, foliki na zinki, na waliopata kidonge kisicho na dawa. Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: katika mazingira yale ya malaria nyingi, watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kupata maradhi makali ya kulazwa. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake juu ya kugawa chuma kwa watoto wa sehemu zenye malaria. Miongoni mwa waandishi wa makala ile yamo majina ya watu wa visiwa hivi.

Ilikuwa kazi ya afya, lakini somo ni letu pia. Tofauti ya asilimia 12 haionekani kwa jicho. Daktari mmoja katika hospitali moja asingeiona maisha yake yote. Ilionekana kwa sababu makundi yaligawiwa kwa kubahatisha, kwa sababu kulikuwa na kundi la kulinganisha, na kwa sababu wadadisi wa Pemba walikwenda nyumba kwa nyumba na kuandika sawasawa.

Kuna jambo jengine linalowaumiza vijana na ambalo halisemwi kwa sauti, nalo ni namba nyengine ya 0.05, si ile ya majirani: mpaka unaotumika kuamua kama matokeo yanaweza kuwa ni bahati tu. Kijana anaambiwa matokeo yakiwa chini ya 0.05 "yametoka", yakiwa juu "hayakutoka". Basi anajaribu kigezo hiki, anajaribu kile, anagawa kwa jinsia, anagawa kwa wilaya, mpaka kimoja kitoke. Namfananisha na mvuvi aliyetega madema 20, akakuta 19 hayana kitu, akabeba lile moja lenye samaki mpaka sokoni na kusema pahala pale pana samaki tele. Hata kama hakuna chochote cha kweli katika data yako, ukijaribu mara 20 vitu visivyotegemeana, uwezekano wa kimoja "kutoka" kwa bahati tu ni asilimia 64. Mwaka 2016 Jumuiya ya Watakwimu ya Marekani ilitoa tamko kuonya juu ya matumizi haya. Kijana wetu hafanyi hivi kwa hila. Anafanya kwa sababu anaogopa kumpelekea msimamizi jedwali lisilo na nyota, zile alama za matokeo "yaliyotoka". Sisi wasimamizi ndio tunaoweza kumwondolea hofu hiyo, kwa kumwambia mapema, kabla hajakwenda nyanjani: andika maswali yako mawili matatu, tuyakubali mimi na wewe, na jibu lolote litakalokuja, likiwemo "hakuna tofauti", nitalipokea.

Wenzetu nao walipungukiwa. Uingereza, pamoja na vyuo vyake vyote, iligundua kwamba wanafunzi wake wa sayansi ya jamii wanazikimbia takwimu. Mwaka 2013 ikaanzishwa programu ya Q-Step, fedha paundi milioni 19.5 kutoka Nuffield Foundation na washirika wake, katika vyuo 15. Ninachokipenda katika programu ile si fedha. Ni kwamba waliajiri walimu wa kazi hiyo khasa, na waliwapeleka wanafunzi kwenye ofisi na mashirika wakafanye uchambuzi wa data za kweli pembeni ya watu wanaoifanya kila siku. Ni fundi na mwanafunzi wake, basi.

Sasa niseme ninachokiomba, na nitasema kwa kuwatazama wenyewe.

Nyinyi wakuu wa vyuo na idara: saa ya mwalimu anayekaa na kijana mmoja juu ya data yake ihesabiwe kuwa ni kazi. Leo mwalimu anapimwa kwa vipindi alivyofundisha na makala alizochapisha. Yule anayekaa mpaka magharibi kumtafutia mwanafunzi makosa katika safu zake, kazi yake haiandikwi popote, na mwaka ukiisha anaonekana amezembea. Mkilibadilisha hilo peke yake, mmefanya zaidi ya semina kumi.

Nyinyi wenye data: najua siri za watu ni amana, na majina lazima yafutwe. Lakini kijana wa Micheweni anapoomba data ya kaya za Micheweni, akajaza fomu, akaambiwa aje kesho, na kesho ikawa miezi saba, muda wa masomo yake unakwisha. Nimemwona mmoja akibadilisha mada nzima kwa ajili hiyo. Ofisi ile siitaji, na haikuwa moja tu. Tafiti zetu za mapato na matumizi ya kaya zinaonesha umasikini wa mahitaji ya msingi Zanzibar ulishuka kutoka asilimia 34.9 mwaka 2009/10 hadi 30.4 mwaka 2014/15 na 25.7 mwaka 2019/20, na kwamba Pemba iko nyuma ya Unguja. Kwa nini Pemba iko nyuma ni swali la vijana hawa, na jibu limo ndani ya data hizo hizo. Wapeni siku maalumu ya kujibiwa, hata jibu likiwa hapana.

Wafadhili na viongozi wa miradi: walipeni wadadisi kwa wakati. Na waalikeni kwenye uchambuzi. Mdadisi aliyembishia mlango yule bibi wa mwani anajua kwa nini safu ya kipato imejaa sifuri. Akikosekana mezani, sifuri zile zitafasiriwa na mtu asiyewahi kuiona pwani ile.

Walimu wenzangu, tufundisheni mambo haya kwa Kiswahili. Mtihani uwe wa Kiingereza kama vyuo vinavyotaka, lakini pale mtoto anaposhindwa kuelewa kwa nini wastani umepanda, mwambie kwa lugha anayootea. Nimeona nyuso zikifunguka kwa neno "chungu" na neno "dema" baada ya wiki nzima ya kufungwa. Kuhusu programu, gharama isiwe kisingizio. R, programu ya uchambuzi wa takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman pale Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, ni bure. CSPro, programu ya Ofisi ya Sensa ya Marekani ya kuingizia na kusafishia data, ni bure. Ni bora kuliko kutumia nakala za wizi zinazoleta virusi na kumpotezea mtu data yake usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Na nyinyi vijana wangu, kwenu nina mawili. La kwanza, kabla ya kupiga hesabu yoyote, fungueni safu, mzipange, mziteremke kwa macho mpaka chini. La pili, oneshaneni data ikiwa bado chafu. Naona mnaoneshana sura iliyokwisha kupambwa, na makosa mnayaficha mpaka siku ya utetezi. Mimi niliyaficha nikaja kuyaona mbele ya mtahini.

Kuanzia wiki ijayo, inshaallah, baraza langu la Wete litakuwa wazi kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi. Wenzangu wawili waliostaafu kazi ya takwimu wamekubali kuja. Kila wiki tutachukua data ya mtu mmoja tu, tuitazame pamoja, na wengine wakae waone. Wiki ya kwanza ni ya yule binti wa wanawake 160. Amesharudi kijijini kwa wale kumi na nne wasiokumbuka umri, akawauliza kwa njia nyengine: uliolewa kabla au baada ya mapinduzi, uliolewa kabla au baada ya kuzaliwa mdogo wako fulani, mwaka ule karafuu zilikuwaje. Amenipigia simu juzi kwamba tisa wamepatikana.

Umeme huwa unakatika, kwa hiyo kompyuta zije zimeshachajiwa. Soketi ya barazani ni moja, mwenye ekstensheni aje nayo. Chai itakuwepo.

Ahsanteni sana.